Nywele za Bibi Salme

Unguja ni mbali na Wenje, na msomaji wa huku mtoni aweza kuuliza binti wa Seyyid Said anatuhusu nini. Anatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni nywele, kwani dada zetu wanaosukana kivulini kando ya Tana wanafanya kazi ile ile iliyofanywa kila asubuhi katika jumba la Mtoni. La pili ni siasa, nalo nitalifikia.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844. Mamake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto, baada ya wazazi wake kuuawa. Mwanawe mwenyewe asimulia kuwa hakuwa mzuri sana wa sura, lakini alikuwa mrefu, na nywele zake nyeusi zilimfika magotini.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, Salme aeleza kuwa mtoto wa jumba lile alinyolewa siku ya arobaini. (Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa siku ya saba, pamoja na akika, lakini majumba ya wakubwa yana desturi zake.) Nywele hizo za kwanza hazikuchomwa wala kufagiliwa na taka. Zilizikwa, au zikatupwa baharini, au zikafichwa katika ufa wa ukuta.

Msichana alipokua, alisukwa misuko myembamba, kumi hata ishirini, ikafungwa mgongoni kwa pambo zito la dhahabu, au kila msuko ukaning'inizwa sarafu ndogo. Kazi hiyo yataka subira, na Salme hakuwa nayo. Siku moja alichoropoka kichwa kikiwa nusu kimesukwa, akamkimbilia babake kutaka peremende za Kifaransa walizozoea kupewa asubuhi. Mzee alimrudisha vivyo hivyo, mikono mitupu. Hakurudia tena.

Dhahabu ile mimi siisifu. Msuko ukivuta ngozi, nywele za kipajini hung'oka, na mvuto ukidumu miaka huenda zisiote tena. Mng'aro hautoki kwenye pambo. Unywele umefunikwa na magamba madogo mno. Yakilala sawasawa, mwanga hurudi na nywele zikang'ara. Yakiinuliwa na kitana cha moto au dawa kali, zinafifia. Tena unywele uliojipinda kama wetu hauruhusu mafuta ya mwili kuteremka hadi nchani, ndipo ukauke na kukatika. Kwa hiyo tunaongezea. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Jambo hilo limepimwa maabarani. Bibi zetu walijipaka bila kungoja maabara. Yapakwe kidogo, kabla ya kuosha, na chanuo liwe la meno mapana, lianzie nchani.

Lakini hakuna ajisukaye kisogo vizuri. Kusuka ni kazi ya mikono ya mwenzio, na Salme aliipoteza mikono hiyo mapema. Babake alifia baharini mwaka 1856. Mamake alichukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, aliwaandikia barua waliotaka kumpindua nduguye Majid ili Barghash atawale. Njama ikavunjika. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa Emily, akaolewa mwaka 1867, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akapondwa na tramu, akamwachia watoto watatu wachanga.

Sasa siasa. Mjerumani Clemens Denhardt, aliyepanda mto wetu wa Tana mwaka 1878, alifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, na Mei 1885 Witu ikawa chini ya himaya ya Wajerumani. Barghash, aliyekuwa Sultani wa Unguja tayari, alipinga. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na Salme akaletwa pamoja nazo, akidai urithi. Barghash alikataa kumwona dada yake. Wajerumani walipata walichokitaka. Yeye hakupata urithi. Alirudi tena mwaka 1888, hakufanikiwa.

Aliishi miaka mingi Beirut, akafa Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, kando ya mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekihifadhi.