Stanley: Mwandishi aliyeipa Afrika jina la giza

HENRY Morton Stanley, aliyefariki dunia mjini London Mei 10, 1904, hukumbukwa kuwa ndiye aliyempata Dk. David Livingstone. Hata hivyo, Livingstone hakuwa amepotea. Alikwishafika Ujiji tangu mwaka 1869, na wafanyabiashara wa huko walimfahamu vyema.

Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini, kisha akahamia Marekani, alikobadili jina na kuingia katika uandishi wa habari.

Mwishoni mwa mwaka 1866, watu waliomtoroka Livingstone walifika Zanzibar wakidai ameuawa. Magazeti yalikitangaza kifo hicho, na ingawa habari ilikanushwa baadaye, shauku ya wasomaji haikuzimika. Gazeti la New York Herald liliona faida katika shauku hiyo, likamtuma Stanley.

Mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo na kupita Ugogo, nchi ambayo leo lina jiji la Dodoma na kata zake, ikiwamo Nzuguni. Watemi walimtoza hongo, naye akawaeleza wasomaji wake kuwa Wagogo ni watu wa kiburi na tamaa.

Hakuupa uzito ukweli mmoja: katika nchi hiyo kame, kila msafara ulikunywa maji na kula chakula cha wenyeji. Kwa Wagogo, hongo ilikuwa ushuru, wala si unyang'anyi.

Habari ya kukutana kwake na Livingstone ilipochapishwa mwaka 1872, jina lake lilivuma kote Ulaya na Marekani. Mwaka 1878 alitoa kitabu alichokiita kwa jina la Bara la Giza. Giza hilo lilikuwa la Wazungu wasioijua Afrika, lakini wasomaji walilibandika kwa Waafrika wenyewe.

Maneno hayo yalikuwa na gharama. Kuanzia mwaka 1879 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akimwandalia njia ya kuitwaa Kongo mwaka 1885. Umma wa Ulaya, uliokwisha kuaminishwa kuwa bara hilo linangoja kuangaziwa, haukuuliza mengi.

Stanley alinyimwa kaburi katika Kanisa la Westminster Abbey, akazikwa Pirbright, Surrey. Jina aliloipa Afrika halikuzikwa naye.