Lord Delamere na Ngano ya Njoro

Asafiriye kutoka Nakuru kuelekea Mau Narok kwa njia ya Njoro hupita katikati ya mashamba ya ngano yaliyotandaa hadi miinuko ya Mau. Ngano hiyo imezoeleka mno hata mtu hudhani kwamba imekuwapo tangu jadi, kama ilivyo mierezi ya msitu ulio juu yake. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na shamba la ngano hapo, na mtu wa kwanza kuipanda kwa wingi hakuja Njoro kwa ajili ya ngano. Alikuja kufuga kondoo.

Mtu huyo ni Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu. Vitabu vya historia ya Kenya humtaja kama kinara wa walowezi, na havimsingizii. Hata hivyo, vingi humfuata moja kwa moja hadi Nairobi, kwenye baraza na mikutano, vikairuka Njoro. Kuiruka Njoro ni kukosa nusu ya habari zake, kwani hapo ndipo ardhi aliyoidai kuwa yake ilipomkataa, mara ya kwanza na ya pili.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 huko Vale Royal, katika jimbo la Cheshire, Uingereza, kwenye ukoo wa makabaila wenye mashamba makubwa na kasri la kale. Alisoma Eton, shule ya wana wa wakubwa, bila kung'ara. Babaye alipofariki mwaka 1887, kijana wa miaka 17 alirithi cheo, ardhi na mapato yake. Angaliweza kuishi maisha yake yote bila kutoka jasho. Badala yake alikwenda Usomali kuwinda simba, mara ya kwanza mwaka 1891, akawa akirudi huko tena na tena. Katika safari ya mwaka 1894 simba alimrukia na kumtafuna mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvaa mnyama huyo kwa mikono mitupu hadi bwana wake akapata nafasi ya kuishika bunduki. Delamere alichechemea tangu siku hiyo hadi kufa kwake.

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliondoka Berbera na msafara wa ngamia, akavuka majangwa kuelekea kusini, na mwaka 1897 akafika nyanda za juu za nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Baada ya miezi ya vumbi na kiu, aliona majani mabichi, mito ya maji baridi na watu wachache. Hapa pana jambo ambalo si la kupitwa haraka. Uchache wa watu aliouona haukuwa hali ya kawaida ya nchi ile. Katika miaka iliyotangulia, sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Wamaasai, ndui ikaua watu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawatawanya waliosalia. Delamere aliikuta nyumba ambayo wenyewe walikuwa matangani, akadhani ni gofu. Kosa hilo halikuwa lake peke yake, lakini wachache walilijengea makuu kama alivyofanya yeye.

Alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen, mwaka 1899, na baada ya miaka michache wakarudi Afrika Mashariki kuishi. Mwaka 1903 alianguka kutoka kwenye farasi, akaumia vibaya mgongo. Mwaka huohuo alianza kuomba ardhi. Serikali nayo ilikuwa ikiwatafuta watu wa namna yake. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 kwa gharama kubwa, na Kamishna Charles Eliot aliamini kwamba walowezi wa Kizungu ndio watakaoipatia mizigo ya kusafirisha. Ombi la kwanza, la Laikipia, lilikataliwa kwa kuwa huko ni mbali mno na reli. La pili, la eneo lililo kati ya Naivasha na Nakuru, lilikataliwa kwa kuwa Wamaasai walikuwa wakililisha mifugo yao. La tatu lilikuwa Njoro. Alipewa ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 hivi kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya kwanza. Shamba hilo akaliita Equator Ranch.

Kwa nini Njoro ilipatikana kwa urahisi ilhali Naivasha ilikataliwa? Kwa sababu Wamaasai hawakukaa sana pale. Lakini mbona watu waliojua majani kuliko mtu yeyote walipita malisho mabichi kama yale bila kutua? Mkabaila hakujisumbua na swali hilo. Alijenga vibanda vya udongo na nyasi, mkewe akapanga ndani yake samani za kifahari kutoka Ulaya juu ya sakafu ya udongo, na kazi ikaanza.

Aliagiza kondoo wa merino 500 kutoka New Zealand. Alinunua madume aina ya Ryeland kutoka Uingereza ili wapandane na majike 11,000 wa Kimaasai. Aliagiza na ng'ombe wa gredi ya juu. Haukupita muda mrefu, katika kila merino watano wanne walikuwa wamekufa. Ng'ombe nao walipukutika kwa homa ya mapafu na magonjwa yaletwayo na kupe. Jibu la swali lile lilipatikana miaka mingi baadaye, wataalamu walipogundua kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na madini ya kobalti. Mnyama anayecheua huhitaji chembe kidogo tu za kobalti ili viini vilivyo tumboni mwake vitengeneze vitamini B12; akizikosa hukonda na kufa huku amezungukwa na majani. Ugonjwa huo uliwahi kupewa jina la Nakuruitis. Wafugaji wa Kimaasai hawakuwa na neno kobalti, lakini walijua kwamba mifugo hainawiri pale, na ujuzi wao ulikuwa wa kweli. Delamere aliulipia kwa maelfu ya pauni, ilhali angaliupata kwa kuuliza.

Mifugo iliyosalia ilihamishiwa Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alikojipatia ekari 50,000 hivi. Njoro akaigeuza shamba la nafaka.

Ngano ilichipua vizuri ajabu. Kisha ikaja kutu. Kutu ya ngano ni kuvu. Hutoa vumbi jekundu kwenye mashina na majani, vumbi hilo likapeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, na suke likabaki na mapepe tu. Ulaya baridi kali huukata mwendo wa ugonjwa huo kila mwaka. Njoro, iliyo karibu mno na ikweta, haina baridi ya namna hiyo, na kwa kuwa mashamba ya miinuko mbalimbali hupandwa kwa nyakati tofauti, kutu haikosi mmea mbichi wa kuushambulia. Kufikia mwaka 1909 Delamere alikuwa amekaukiwa fedha, na tumaini lake la mwisho lilikuwa ekari 1,200 za ngano. Zikaharibika zote.

Mtu mwingine angalifunga virago. Yeye aliweka rehani mali ya ukoo wake Uingereza, akajenga maabara shambani na kuajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Wakati huo elimu ya urithi wa mimea ilikuwa changa. Ni mwaka 1905 tu ambapo Rowland Biffen wa Cambridge alikuwa ameonyesha kwamba uwezo wa ngano kuhimili kutu hurithiwa kwa kanuni zinazoweza kufuatwa. Njoro ikawa mahali pa kuijaribu kanuni hiyo kwenye joto na mvua za Afrika. Mbegu za nchi mbalimbali zilichavushwa, zikapandwa, zilizougua zikatupwa na zilizostahimili zikapandwa tena. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na pengine ndilo jambo jema kuliko yote aliyoyafanya. Wakati huohuo alijaribu kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi, lakini mtindo wa kofia hizo ulipita. Mwaka 1908 alishiriki kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyopewa jina la Kiswahili, Unga Limited, jina lililodumu kuliko mengi ya walowezi. Kufikia mwaka 1914 shughuli zake zilianza kuleta faida. Mwaka huohuo Lady Florence alifariki.

Huku akipambana na kutu, Delamere alikuwa akipambana pia na watu. Mwaka 1905 aliongoza kamati ya ardhi iliyopendekeza nyanda za juu zitengwe kwa ajili ya Wazungu. Mwaka uliotangulia, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai walikuwa wameondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba huko watakaa daima. Ahadi hiyo haikufika hata miaka 10. Kwa mkataba wa 1911 watu wapatao 10,000 na mifugo yao walifukuzwa Laikipia kwenda kusini. Ole Gilisho na wenzake waliopinga walikwenda mahakamani, na kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Delamere alizungumza Kimaasai, aliwaajiri Wamaasai kuchunga mifugo yake, akapenda kuketi nao kuzungumza. Waandishi wengine huyatoa hayo kama utetezi wake, lakini utetezi huo ni dhaifu. Kuwajua kwake Wamaasai kulimwondolea udhuru wa kutojua walichonyang'anywa.

Kwenye Baraza la Kutunga Sheria, alikoingia mara ya kwanza mwaka 1907, alipigania kodi, kazi na ardhi kwa manufaa ya walowezi. Familia za Wakikuyu zilizohamia mashamba ya Bonde la Ufa zilibaki maskwota, zikilima vipande visivyokuwa vyao kwa kulipa siku za kazi. Mwaka 1923 alikwenda London kupinga madai ya Wahindi ya haki sawa, na mwaka 1925 aliwakusanya viongozi wa walowezi Tukuyu, Tanganyika, akiota dola moja ya Wazungu kuanzia Kenya hadi Rhodesia. Ndoto hiyo haikutimia.

Alioa tena mwaka 1928. Tarehe 13 Novemba 1931 alifariki Loresho akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni la benki la pauni zipatazo 500,000. Mali aliyorithi Cheshire ilikuwa imemezwa na udongo wa Kenya.

Serikali ilifungua kituo cha kuzalisha mbegu Njoro mwaka 1927, naye Lord Egerton akaanzisha hapo mwaka 1939 shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, ile iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton. Kutu nayo haikuondoka. Aina mpya, Ug99, ilitambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ikavuka hadi Kenya, na mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobeli, alifika Kenya kuuonya ulimwengu. Mbegu kutoka nchi nyingi zililetwa Njoro zipandwe na kuachiwa ugonjwa, ili zijulikane zitakazostahimili.

Sanamu ya Delamere, iliyochongwa na Kathleen Scott, ilisimama Nairobi kwenye barabara iliyobeba jina lake. Uhuru ulipokuja iliondolewa, na barabara ikaitwa Kenyatta Avenue. Sanamu ilipelekwa Soysambu, mbele ya mlima ambao walowezi waliuita Pua ya Delamere. Wamaasai huuita morani aliyelala.