Mtakatifu Isidori Mkulima

Isidori alikuwa mtu wa Madrid katika nchi ya Hispania, aliyeishi katika karne ya 12. Hakuwa na shamba lake mwenyewe. Alilima shamba la bwana wake mpaka kufa kwake. Mkewe, Maria, alikuwa mwenzi wake katika kazi na sala, na chakula chao kichache waliwagawia maskini.

Kila alfajiri Isidori alisali kanisani kwanza, ndipo akashika plau. Majirani wakamshitaki kwa bwana wake kuwa ni mvivu, naye alikuwa karibu kupoteza riziki yake. Yasimuliwa ya kuwa bwana alikwenda kujionea, akakuta ng'ombe weupe wasio wake wakilima pamoja naye, kisha wakatoweka. Tena kazi haikupunguka.

Mwaka 1622 Baba Mtakatifu Gregori wa 15 alimtangaza Mtakatifu, siku moja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Wale wanne walijulikana kwa mashirika, safari na vitabu. Isidori kwa plau tu.

Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei. Basi, ndugu walimu, mtoto wa mkulima asione haya kwa jembe la baba yake.