Mama Daktari, munganga aliyerusha ndege mwenyewe

Safari hii tunaeleza maisha ya Anne Spoerry, munganga na rubani aliyejulikana Kenya kwa jina la Mama Daktari.

Alizaliwa Cannes, Ufaransa, mwaka wa 1918. Vita vilimkuta Paris akisomea udaktari. Aliingia katika kundi la siri lililopinga Wajerumani, akakamatwa mwaka wa 1943, akapelekwa kambi ya wafungwa wanawake ya Ravensbrück.

Hapo ndipo habari yake inakuwa nzito. Vita vilipoisha, wanawake waliofungwa pamoja naye walimshitaki kwamba aliwatesa wagonjwa kambini, akimfuata Carmen Mory, mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake. Huko Kenya alikaa kimya juu ya mambo hayo.

Aliondoka Ulaya, akapita Aden, akafika Kenya karibu mwaka wa 1950. Alilima na kutibu watu upande wa Ol Kalou. Akiwa na miaka 45 hivi akajifunza kurusha ndege, na mwaka wa 1964 akaanza kazi na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1957. Vituo vya mbali vilikuwa na redio: mgonjwa akizidiwa, muuguzi anaita, ndege inakuja. Mama Daktari alifika Turkana, Marsabit na Lamu na ndege yake ndogo, akachanja watoto, akatibu, akabeba mahututi mpaka hospitali. Alifanya hivyo zaidi ya miaka 30. Alikufa Nairobi tarehe 2 Februari 1999, akazikwa Lamu.

Juu ya nini tunaeleza hayo hapa Oicha? Sababu kati ya wanaorudi kuna waliotoka porini, mikononi mwa waasi. Majirani wanauliza walifanya nini kule. Wengine walilazimishwa, na wengine hawasemi kitu.

Hatusemi kwamba kazi nzuri inafuta yote. Waliolia Ravensbrück, chanjo za Turkana hazikuwapangusa machozi. Lakini watoto waliochanjwa, nao walipona kweli. Basi tunaomba mambo mawili, wala moja lisizibe lingine: aliyeumizwa asikilizwe mpaka mwisho, na aliyerudi apewe jembe, fasi ya kulala na kazi ya kusaidia wengine. Kumfukuza arudi porini hakumponyi mtu yeyote.