Isaac Newton na Rangi za Upinde wa Mvua

Mtu asimamaye ufukoni pa Baraka wakati wa jioni, jua likiwa nyuma yake juu ya milima na mvua ikinyesha bado upande wa Ubwari, huuona upinde wa mvua juu ya ziwa. Asubuhi huuona upande wa pili, milimani kuelekea Fizi. Habari za Nuhu mmekwisha kuzisikia katika mafundisho. Lakini rangi zile zatoka wapi? Je, ni maji yautiayo mwanga rangi, au mwanga wenyewe wazichukua ndani yake? Aliyelijibu swali hilo ni Mwingereza, jina lake Isaac Newton.

Alizaliwa kijijini Woolsthorpe siku ya Noeli mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule. Baba yake, mkulima, alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Mtoto alikuwa mdogo mno, hata watu hawakudhani ataishi. Alipofikia umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa tena, akamwacha kwa bibi yake. Uchungu huo haukumtoka upesi. Akiwa kijana wa miaka 19 aliandika dhambi zake katika daftari, na mojawapo ilikuwa kwamba aliwahi kuwatisha mama yake na baba wa kambo kuwa atawachoma moto pamoja na nyumba yao.

Mama alitaka awe mkulima, lakini kazi hiyo hakuiweza kabisa. Basi mwaka 1661 akapelekwa chuoni Cambridge, akalipia masomo yake kwa kuwatumikia wenzake. Mwaka 1665 tauni ikaingia, chuo kikafungwa, naye akarudi kijijini. Katika miaka hiyo alianza kuchunguza mwanga kwa kioo cha pembe tatu.

Alifunga madirisha ya chumba, akatoboa tundu dogo, mshale wa jua ukapita ndani ya kioo hadi ukutani. Rangi zikatokea: nyekundu upande mmoja, urujuani upande wa pili. Jambo hilo watu walilijua zamani, ila walisema kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi. Newton alistaajabia umbo. Tundu lilikuwa la duara, lakini picha iliyo ukutani ilikuwa ndefu, urefu wake mara tano ya upana. Ndipo akachukua kioo cha pili, akapitisha humo rangi moja tu. Kama kioo kingekuwa fundi wa kutia rangi, kingeutia tena. Lakini nyekundu ilibaki nyekundu. Kisha akazikusanya rangi zote kwa lenzi, zikawa mwanga mweupe. Kumbe mweupe ndio mchanganyiko! Kioo huzitenganisha tu, kwa kuwa kila rangi hupindika kwa kipimo chake.

Mwaka 1672 aliyaandika hayo kwa Chama cha Wataalamu cha London, na mabishano yakaanza. Robert Hooke alimpinga mara moja. Padre Francis Line, mzee Mjezuiti aliyekaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji ya leo, akasema umbo lile refu laletwa na mawingu yang'aayo. Line akafa mwaka 1675, na Padre mwenzake Anthony Lucas akarudia jaribio kwa uangalifu. Yeye aliliona umbo refu, lakini urefu haukuzidi mara tatu na nusu ya upana. Newton hakutaka kusadiki. Alimjibu kwa ukali, na mwaka 1678 akakataa hata kupokea barua zake. Kwa maoni yetu Padre Lucas alistahili jibu lililo bora kuliko hilo.

Tangu hapo Newton aliufungia moyo wake. Kitabu chake kikubwa juu ya mwanga hakukitoa hadi mwaka 1704, Hooke akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Humo alieleza kwamba kila tone la mvua hufanya kama kile kioo: mwanga huingia, hupindika, hurudishwa na ukuta wa nyuma wa tone, hupindika tena ukitoka. Nyekundu hutufikia kwa pembe ya digrii 42 hivi, urujuani kwa digrii 40 hivi. Kwa hiyo nyekundu huwa juu. Kwa hiyo pia mtu wa Baraka hauoni upinde mbinguni saa sita mchana: tangu saa tatu hivi asubuhi hadi saa tisa hivi alasiri jua hupita digrii 42, na upinde hushuka chini ya upeo wa macho.

Zile rangi saba ni hesabu yake. Kwanza alitaja tano, kisha akaongeza rangi ya chungwa na nili, zipate kulingana na sauti saba za muziki. Katika upinde wenyewe hakuna mpaka wowote.

Hakuoa. Alikufa mwaka 1727, mwenye umri wa miaka 84, akazikwa London katika kanisa la Westminster pamoja na wakuu wa nchi. Hadi mwisho aliamini kwamba vioo vyote huzitawanya rangi kwa kadiri moja. Miaka 31 baadaye fundi wa lenzi wa London, John Dollond, alionyesha kwamba sivyo: vioo vya namna mbalimbali huzitawanya kwa kadiri mbalimbali. Basi yawezekana kipimo cha Padre Lucas kilikuwa sahihi kwa kioo alichokuwa nacho mkononi.