Masataka Taketsuru: Mjapani aliyebeba ujuzi wa wiski kwenye daftari

Chupa ya wiski kutoka kiwanda kilichofungwa huuzwa mnadani kwa bei kubwa kwa sababu moja: ikishanywewa, nyingine kama hiyo haitengenezwi tena. Leo tunamwangalia mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha namna hiyo miaka michache tu kabla ya milango kufungwa.

Masataka Taketsuru alizaliwa mwaka 1894 huko Takehara, Japani, katika familia ya watengenezaji wa sake, pombe ya mchele. Mwaka 1918 mwajiri wake alimtuma Scotland kujifunza wiski. Alisoma Glasgow, kisha mwaka 1919 akapokelewa katika kiwanda cha Longmorn. Huko aliona jinsi shayiri inavyooteshwa, inavyokaushwa na kuchachushwa, kisha pombe hiyo ikakenekwa kwenye mitungi ya shaba juu ya moto wa makaa ya mawe.

Mwaka 1920 alimuoa Rita Cowan, binti wa Kiskoti, ingawa familia zao hazikuridhia. Wakahamia Campbeltown, alikofanya kazi katika kiwanda cha Hazelburn. Kila alichojifunza alikiandika na kukichora daftarini.

Mji huo uliwahi kuwa na viwanda zaidi ya 20. Lakini mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe, na soko kubwa likapotea. Baadhi ya viwanda vilikuwa pia vimejiharibia jina kwa kukimbilia wingi badala ya ubora. Hazelburn ilifungwa mwaka 1925. Miaka kumi baadaye, mjini vilibaki viwanda viwili tu.

Taketsuru alikuwa amesharudi Japani, lakini mwajiri wake hakuwa na fedha za kujenga kiwanda. Mwaka 1923 akajiunga na mfanyabiashara Shinjiro Torii, wakajenga kiwanda cha Yamazaki. Mwaka 1934 akaanzisha chake Yoichi, kaskazini kwenye baridi. Wiski hukaa kwenye mapipa kwa miaka, hivyo akawa anauza maji ya matofaa ili kampuni isife. Wiski yake ya kwanza ilitoka mwaka 1940, na kampuni hiyo leo inaitwa Nikka.

Rita alifariki mwaka 1961, naye Taketsuru mwaka 1979, akiwa na miaka 85.

Chupa za Hazelburn ya zamani zinazidi kupungua. Lakini huko Yoichi, mitungi ya shaba bado inachemshwa kwa makaa ya mawe, kama alivyoona Longmorn. Fundi anayeandika na kufundisha huacha urithi ambao kufungwa kwa kiwanda hakuwezi kuuzima.