Jeanne Villepreux-Power, mshonaji nguo aliyewajengea viumbe wa bahari nyumba ya kioo

Anayefuga samaki nyumbani mjini Goma anaijua hofu ya umeme kukatika usiku. Pampu inanyamaza, maji yanasimama, na kufikia asubuhi samaki wako juu wakitafuta hewa. Kwa samaki wa maji ya chumvi hofu ni kubwa zaidi. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na bidoni ya maji ya Ziwa Kivu haiwezi kushika nafasi yake.

Ndiyo maana swali la kwanza la mfugaji wa aina hiyo si samaki gani anunue, bali mitambo ya kusafisha maji ataiweka wapi. Karibu miaka 200 iliyopita swali hilo lilimkabili mwanamke mmoja Mfaransa katika kisiwa cha Sicily, asiye na umeme, pampu wala shahada ya chuo. Jina lake ni Jeanne Villepreux-Power.

Kwa miguu hadi Paris

Jeanne Villepreux alizaliwa tarehe 24 Septemba 1794 huko Juillac, kijiji cha mkoa wa Corrèze, katikati ya Ufaransa, mbali na bahari. Familia yake haikuwa ya kitajiri. Alipofikia umri wa karibu miaka 18 aliondoka kwao kwenda Paris, safari ya zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia aliikata kwa miguu.

Huko Paris alipata kazi ya kushona nguo. Mkono wake ulikuwa mzuri, na mwaka 1816 alishiriki kutengeneza gauni la harusi la binti mfalme Caroline wa Sicilia, aliyeolewa na Mtawala wa Berry. Kazi hiyo ilimpa sifa. Ndipo alipofahamiana na James Power, mfanyabiashara Mwingereza, na mwaka 1818 wakafunga ndoa mjini Messina, katika kisiwa cha Sicily. Aliishi kisiwani humo zaidi ya miaka 20.

Hakuwa amesomea sayansi. Alijifundisha mwenyewe, akitembea kisiwani na kukusanya mimea, wadudu, visukuku na makombe ya baharini. Aliyoyaona aliyaandika na kuyachora.

Sanduku la kioo, kisha baharini

Kilichomvutia kuliko vyote ni aina ya pweza aitwaye argonauta, ambaye jike lake hubeba gamba jeupe, jembamba kama karatasi. Tangu zama za Aristotle wataalamu walibishana: je, mnyama huyu hujitengenezea gamba lake, au hulichukua kwa kiumbe mwingine, kama wafanyavyo kaa wanaojificha ndani ya makombe matupu?

Kulijibu swali hilo kulihitaji kumwona mnyama akiwa hai kwa siku nyingi. Wakati huo wataalamu wengi walichunguza wanyama waliokwisha kufa. Mwaka 1832 Jeanne alianza kutumia vyombo alivyovibuni mwenyewe. Kimoja kilikuwa sanduku la kioo la kuwekwa ndani ya chumba. Cha pili kilikuwa cha kioo pia, lakini kimezungushiwa kizimba, ili kizamishwe katika maji ya kina kifupi na kutolewa tena. Cha tatu kilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga baharini.

Mpangilio huo unafaa kutazamwa kwa makini. Ndani ya chumba, maji ya bahari hayawezi kujisafisha. Ni lazima yaletwe mapya mara kwa mara. Katika kizimba, maji mapya yanapita yenyewe usiku na mchana. Kwa maneno mengine, Jeanne alipokosa chombo cha kuyasafisha maji, alimpeleka mnyama mahali ambapo bahari yenyewe ingefanya kazi hiyo. Wafugaji wa samaki wanaotumia vizimba katika Ziwa Kivu leo wanafuata kanuni hiyohiyo.

Gamba lililotobolewa

Katika vizimba hivyo Jeanne alivunja vipande vya magamba ya argonauta kisha akasubiri. Wanyama hao waliziba matundu kwa ute uliotoka katika mikono yao wenyewe. Aliwafuatilia pia watoto wao, akaona kwamba huzaliwa bila gamba na kuanza kulijenga baadaye. Ubishi wa karne nyingi ukaanza kufungwa na mtu ambaye miaka michache nyuma alikuwa akishika sindano na uzi.

Chuo cha wataalamu cha Gioenia, mjini Catania, kilimpokea kuwa mwanachama, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa zama hizo. Mwaka 1842 alichapisha kitabu cha kuwaongoza wageni wanaotembelea Sicily. Mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Richard Owen, alimtambua kuwa mwanzilishi wa ufugaji wa viumbe wa majini ndani ya vioo.

Meli iliyozama

Kisha likaja pigo. Sehemu kubwa ya makusanyo, maandishi na michoro yake ilipakiwa melini, na meli hiyo ikazama. Kazi ya miaka mingi ikarudi baharini ilikotoka. Baada ya kuondoka Sicily katika miaka ya 1840, Jeanne aliishi kati ya London na Paris. Aliendelea kuandika, lakini hakurudia tena majaribio kama yale ya Messina.

Majeshi ya Prussia yalipouzingira mji wa Paris mwaka 1870, aliukimbia na kurudi Juillac. Alifariki huko tarehe 25 Januari 1871, akiwa na umri wa miaka 76. Miaka hiyohiyo, mjini London, William Alford Lloyd alijenga matangi makubwa ya maonyesho katika jengo la Crystal Palace. Aliweka hifadhi kubwa ya maji chini, gizani, na pampu za mvuke zikayazungusha kwenda juu.

Na hapa Goma?

Tangi la chini la Lloyd ndilo ambalo wafugaji wengi wa samaki wa bahari huliweka hadi leo kabatini, chini ya kioo. Maji hushuka yenyewe kwa bomba, huchujwa, hupita penye bakteria wanaoibadilisha amonia ya kinyesi cha samaki, kisha pampu huyarudisha juu. Faida yake ni nafasi na utulivu. Hatari yake ni umeme kukatika: maji ya juu huendelea kushuka kwa muda. Kwa hiyo tangi la chini lisijazwe hadi ukingoni, na bomba la kurudisha maji litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji, ili liingize hewa na kuacha kuvuta.

Chujio la kuning'inizwa nyuma huhitaji tangi lisogezwe mbali kidogo na ukuta. Chujio lililofungwa kabisa, ambalo huwekwa chini, halifai kuachwa saa nyingi bila umeme, kwani bakteria hukosa hewa na kufa. Likiwashwa tena bila kuoshwa, uchafu huo humwagikia samaki.

Soketi ikae pembeni na juu, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Tangi la lita 200 lina uzito wa zaidi ya kilo 200, na nyumba nyingi za Goma ni za mbao juu ya mawe ya volkano. Sakafu isiyo sawa hukikandamiza kioo upande mmoja. Matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 yalipasua hata kuta.

Kwa zaidi ya karne moja jina la Jeanne lilisahauliwa. Mwaka 1997 shimo moja kubwa kwenye sayari ya Zuhura lilipewa jina lake. Yule aliyepoteza karibu kila alichokiandika amebaki katika ramani ya anga, na katika kila nyumba ambako mtu huketi kimya mbele ya kioo, akimtazama samaki akiwa hai.